Mwaka wa Kungoja: Kutoka Gilgil hadi Ng'ambo

Mwaka 1984 serikali ya Kenya iliamuru kwamba kila aliyepata nafasi ya chuo kikuu apitie kwanza mafunzo ya miezi mitatu katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS. Wengi wetu tulipelekwa Gilgil, karibu kilomita 40 kutoka Nakuru mjini ukielekea Nairobi. Mimi nilikuwa katika kundi la kwanza. Nilikuwa nimefanya mtihani wa Kidato cha Sita mwishoni mwa 1983, na kama wasichana wengi wa hapa nilidhani miezi ile ningekaa nyumbani, nimsaidie mama dukani huku nikingoja barua ya chuo. Barua ilipofika, ilifika pamoja na amri ya kuripoti kambini.

Baadaye nilifundisha historia katika shule za sekondari za upande wa Njoro hadi nikastaafu. Sasa mjukuu wangu amemaliza Kidato cha Nne na anataka kwenda Ujerumani kwa mwaka mmoja kabla ya kuanza chuo. Wazee wenzangu wananiambia huo ni mtindo wa watoto wa Wazungu wenye pesa. Sikubaliani nao hata kidogo. Huku kwetu, kuanzia Naivasha hadi Molo, kijana hajawahi kutoka shuleni akaingia chuoni moja kwa moja bila kitu katikati. Kila kizazi kilikuwa na mwaka wake wa kungoja, na kila mara kulikuwa na mtu aliyeamua utumike vipi: serikali, mkuu wa shule, meneja wa shamba, au ukoo mzima uliokaa chini ya mti na daftari.

Mpango wa Gilgil haukuanzishwa kwa ajili ya kutufurahisha. Baada ya jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa, na kikakaa kimefungwa zaidi ya mwaka mmoja. Wanafunzi walikuwa wameshangilia barabarani asubuhi ile, na serikali haikulisahau hilo. Sababu iliyotangazwa ilikuwa nidhamu, uzalendo na kuheshimu kazi ya mikono. Wazazi wetu walijua pia sababu isiyotangazwa: msomi aliyechimba mtaro na kupiga saluti kwa miezi mitatu huenda asiwe mwepesi wa kurusha mawe.

Nakumbuka baridi. Gilgil iko juu, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa alfajiri unapita kwenye vichaka vya leleshwa na kuingia moja kwa moja ndani ya shati. Filimbi ililia kungali giza. Blanketi lilipaswa kukunjwa likawa na kona nne kamili, na afande alipita akilikagua kwa fimbo. Kona ikilegea, blanketi lilitupwa nje na ulianza upya. Kisha gwaride, kisha jembe. Wale tuliotoka mashambani tulikuwa na mikono migumu, lakini wasichana wa Nairobi walitoka malengelenge siku ya kwanza, na jioni tulikaa kitandani tukiyatoboa kwa sindano iliyochomwa kwa kiberiti. Siku za upepo vumbi lilijaa hadi masikioni. Chakula kilikuwa ugali na maharagwe, na siku nyingine maharagwe na ugali.

Kitanda cha upande wangu wa kulia alilala msichana kutoka Lamu. Sikuwa nimewahi kusikia Kiswahili kama chake. Mimi Kiswahili nilikipata katika maduka na vituo vya matatu vya Nakuru, chenye Kikuyu na Kikalenjin ndani yake, na hapo kitandani, taa zikiwa zimezimwa, nilianza kusikia lugha niliyoizungumza kila siku ikizungumzwa kama ushairi. Kitanda cha kushoto alikuwapo binti wa Kisii ambaye mpaka leo tunapigiana simu. Hakuna darasa lililowahi kunipa kitu kama hicho. Ndiyo maana, ingawa nia ya mpango ule haikuwa safi, nausema kwa haki: ulikuwa na tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, kulikuwa na kazi ya kufanya, kulikuwa na mtu wa kuwajibika ukiumwa usiku, na ulilala na watu usiowajua mpaka ukawajua. Mpango huo ulidumu hadi kuelekea mwanzo wa miaka ya 1990. Wanafunzi walikuwa wameongezeka kupita uwezo wa kambi, na gharama nazo zikapanda.

Kabla ya Gilgil, mwaka wa kungoja ulikuwa mwaka wa UT. Sikukuu ya Jamhuri ya 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba darasa la kwanza hadi la nne halitatozwa karo tena. Januari 1974 watoto walimiminika shuleni, na walimu waliohitimu hawakutosha hata kidogo. Basi kijana aliyetoka Kidato cha Nne au cha Sita alipewa chaki na kuambiwa aingie darasani. Huyo ndiye UT, mwalimu asiye na mafunzo. Dada yangu mkubwa alikuwa UT katika shule ya msingi ya Subukia, kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Alilala katika chumba cha mabati nyuma ya shule na chakula chake kilikuwa viazi vya wazazi wa wanafunzi, walioleta kwa zamu. Mshahara wake wa kwanza alimnunulia mama taa ya karabai. Wa pili alijinunulia viatu vya kisigino, na baba hakumsemesha juma zima.

Nadhani historia ya elimu ya Kenya bado haijawalipa UT deni lao. Watu wanakumbuka kwamba walifundisha bila vyeti, lakini hawakumbuki kwamba walikuwa na miaka 18 na 19, kwamba shule nyingi za milima ya Mau na za Bahati zingekuwa na madarasa bila mwalimu kama si wao, na kwamba wengi walirudi kusomea ualimu kwa sababu ya mwaka ule. Dada yangu alikuwa mmoja wao.

Hata kabla ya hapo kulikuwa na vijana wa nchi nyingine waliokuwa wakiutumia mwaka wao kwetu. Pale Njoro, Lord Maurice Egerton alianzisha Egerton Farm School mwaka 1939 ili kuwaandaa vijana wa Kizungu kwa ukulima. Mwafrika alikuwa pale kama mfanyakazi. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 palitolewa cheti cha mwaka mmoja cha kilimo. Leo ni Chuo Kikuu cha Egerton, tangu 1987, na watoto wa wale waliokuwa wakikamua ng'ombe wanafundisha pale. Mwaka 1958 nako Uingereza shirika la VSO lilianza kuwatuma ng'ambo vijana waliotoka tu shuleni, wengi hawajafikisha miaka 20, wakafundishe na kusaidia kwa mwaka mmoja. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 wakaja Waamerika wa Peace Corps, na shule nyingi za harambee katika Bonde la Ufa zilikuwa nao. Nilifundishwa hesabu na mmoja. Kiswahili chake kilikuwa kibovu na moyo wake mzuri.

Nilipokuwa mwanafunzi sikujiuliza nani alimlipia yule mwalimu. Nilipokuwa mtu mzima nilijiuliza. Serikali yake ilimpa tiketi na posho. Sisi tulimpa nyumba, kwa sababu wazazi wetu ndio waliojenga ile nyumba ya mwalimu kwa harambee. Kwa hiyo hata mwaka wa ng'ambo wa Mzungu ulilipiwa na mifuko miwili, na mmoja wa mifuko hiyo ulikuwa wetu.

Mifuko mitatu ndiyo iliyowapeleka Wakenya Amerika. Septemba 1959 ndege iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81, kazi ya Tom Mboya na wenzake, hasa Gikonyo Kiano na Kariuki Njiiri. Marekani kulikuwa na wakfu uliokusanya pesa za ndege, na miongoni mwa waliouunga mkono walikuwa Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Mwaka 1960 wakfu wa familia ya Kennedy ulitoa dola 100,000. Vyuo vya huko vilitoa nafasi na karo. Na nyumbani, ukoo ulichanga pesa za nguo, sanduku na matumizi ya mwanzo. Hadi 1963 walikuwa wamekwenda karibu vijana 800.

Mmoja wa wale wa 1960 alikuwa amewahi kuwa mtoto wa Nakuru. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, lakini akiwa bado mdogo sana mama yake alimchukua wakamfuata baba aliyefanya kazi katika shamba la mlowezi karibu na Nakuru. Huko shambani hapakuwa na shule kwa watoto wa wafanyakazi. Mwaka 1947 mama akarudi naye Ihithe, ambako kaka zake walikuwa wakisoma. Nilipokuwa nikifundisha habari zake nilipenda kusimama hapo kidogo, kwa sababu wanafunzi wangu wengi walikuwa wajukuu wa wafanyakazi wa mashamba hayohayo. Wangari alimaliza Loreto Limuru mwishoni mwa 1959, na Septemba 1960 akawa safarini kwenda Chuo cha Mount St. Scholastica, Atchison, Kansas. Miezi tisa ya kungoja, kisha dunia nyingine.

Kwa familia yetu mlango haukuwa Amerika. Ulikuwa India. Miaka ya 1980 nafasi katika vyuo vikuu vya Kenya zilikuwa chache mno, na vijana wengi waliokosa walikwenda Pune, Bombay, Delhi na Baroda, ambako karo ilikuwa ya chini na masomo yalikuwa kwa Kiingereza. Mdogo wake mama, mjomba wetu wa mwisho, alikwenda Pune kusomea biashara. Alingoja mwaka mzima, na mwaka huo wote ulitumika kumtafutia pesa.

Daftari la harambee yake ninalo. Ni daftari la kawaida la shule, la kurasa 96, jalada limeliwa na mende pembeni. Kila ukurasa una safu tatu zilizochorwa kwa rula: jina, taslimu, ahadi. Mwandiko ni wa katibu wa kanisa letu la Elburgon, herufi zimelala upande mmoja. Shilingi 20. Shilingi 10. Jogoo mmoja, na pembeni imeandikwa bei aliyouziwa kwenye mnada, halafu jina la aliyemnunua, halafu imeandikwa kwamba mnunuzi amemrudisha jogoo auzwe tena. Yule jogoo aliuzwa mara nne jioni ile. Mayai treya mbili. Gunia la viazi. Mgeni wa heshima aliandikwa kwenye ukurasa wake peke yake kwa wino mwekundu. Na kuna mstari mmoja unaonigusa kila ninapoufungua: mjane mmoja wa jirani, upande wa taslimu hakuna kitu, upande wa ahadi imeandikwa "baada ya pareto".

Pareto ndiyo iliyosomesha watu wa Molo, Elburgon, Mau Narok na Olenguruone. Maua yale meupe yalichumwa kwa mkono, yakaanikwa juani, yakapelekwa kwenye chama cha ushirika na kutoka huko hadi kiwandani Nakuru, ambako mkulima alilipwa kulingana na nguvu ya dawa iliyopatikana ndani ya ua. Kenya ilikuwa mzalishaji mkubwa kuliko wote duniani. Malipo yalikuja kwa vipindi, na karo ililipwa kwa vipindi hivyohivyo. Walimu wakuu wa upande ule walijua kalenda ya pareto kuliko kalenda ya wizara. Malipo yalipoanza kuchelewa, kisha kukoma, wakulima waling'oa na kupanda viazi. Watu huzungumzia kuanguka kwa pareto kama habari ya kilimo. Mimi naihesabu pia kuwa habari ya elimu, maana safu ile ya ahadi ilibaki bila kitu cha kuisimamia.

Mjomba alirudi na digrii. Mwezi wa kwanza nyumbani alizunguka na daftari lile, nyumba kwa nyumba, akiwashukuru waliotoa, na kwa yule mjane alipeleka kitambaa cha sari ambacho alikishona pazia. Nalisema hili kwa sababu ndani yake mna kitu ambacho mipango ya siku hizi imekipoteza. Kijana aliyekwenda ng'ambo kwa daftari alijua majina ya waliomtuma.

Kisha ukaja mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, na Kidato cha Sita kikafutwa. Mtihani wa kwanza wa KCSE, wa kumaliza Kidato cha Nne, ulifanywa 1989, mwaka uleule wa mtihani wa mwisho wa Kidato cha Sita, na mwaka 1990 vyuo vikapokea makundi mawili kwa pamoja. Foleni iliyotokea hapo haikuisha kwa miaka mingi. Kuna wanafunzi wangu waliongoja karibu miaka miwili kati ya KCSE na kuingia chuoni. Waliopata bahati walisomea pakeji za kompyuta mjini. Wengine walikwenda Naivasha kuchuma maua. Waridi walilolikata asubuhi lilifika mnadani Aalsmeer, Uholanzi, kabla ya wao kupata mshahara wa juma lile. Niliwatembelea wachache pale kando ya ziwa. Walilala sita chumba kimoja, na msichana mmoja aliyepata alama za kusomea udaktari alinionyesha vidole vilivyochomwa na miiba na kuniuliza kama chuo kitamkumbuka.

Wenye uwezo kidogo walivuka mpaka. Uganda haikukifuta Kidato cha Sita, na wazazi wa Nakuru, Eldoret na Kericho waliwapeleka watoto huko, hasa waliokosa kozi waliyoitaka kwa pointi chache. Basi la usiku la Nairobi kwenda Kampala lilipita Nakuru, ulipandia hapa na asubuhi uko ng'ambo. Naona watu hulisahau hili wanapozungumzia kwenda nje: ng'ambo ya bei nafuu kuliko zote iko Malaba. Tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tu. Kwa mzazi ambaye hana pesa za tiketi ya ndege, kijana anaweza kukaa Kigali au Jinja miezi sita akijitolea katika shule au zahanati ya kanisa, akajifunza Kifaransa kidogo au Kiganda, na akarudi amekomaa kama aliyekwenda Ulaya.

Wako pia waliotoka wakiwa wadogo zaidi. Samuel Wanjiru wa Nyahururu alikwenda Japani mwaka 2002 akiwa na miaka 15, akasoma shule ya sekondari ya Sendai Ikuei kwa miguu yake, na Beijing mwaka 2008 akashinda marathoni ya Olimpiki kwa saa 2:06:32. Mpango wa YES wa serikali ya Marekani, ulioanzishwa 2002, huwachukua wanafunzi wa miaka 15 hadi 17, Wakenya wakiwamo, wakaishi na familia za Marekani na kusoma huko mwaka mmoja bila familia zao kulipa gharama za mpango. Nafasi ni chache na ushindani ni mkali, lakini mzazi wa kijana ambaye bado yuko katikati ya sekondari ndiye anayepaswa kuujua. Akiujua mtoto akiwa ameshamaliza, amechelewa.

Sasa nirudi kwa mjukuu wangu. Siku hizi foleni imepungua. Aliyefanya KCSE Novemba huingia chuoni Septemba inayofuata. Kwa hiyo mwaka wa kungoja haujitokezi wenyewe tena, ni lazima uombwe. Anayepewa nafasi anaandika barua kwa msajili wa chuo kuomba kuahirisha kuanza, na kila chuo kina kanuni zake. Sisi tuliandika barua hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Nilikataa kuzungumzia viza kabla ya kupata jibu la maandishi.

Njia aliyoichagua ni ya kuwa au pair: kijana wa miaka 18 hadi 26 anaishi na familia ya Kijerumani kati ya miezi sita na mwaka mmoja, anasaidia watoto na kazi ndogo za nyumba, naye anajifunza lugha. Kanuni ni hizi. Kazi isizidi saa 30 kwa wiki. Familia inampa chumba chake mwenyewe, chakula, bima, euro 280 za mfukoni kila mwezi na euro 70 za kuchangia masomo ya Kijerumani, na likizo ya wiki nne kwa mwaka. Yeye anatakiwa awe na Kijerumani cha kiwango cha A1 kabla ya kuomba viza. Ada ya viza ni euro 75. Pasipoti inaombwa kupitia eCitizen, na siku hizi Nakuru tuna ofisi yetu, hatulazimiki kulala Nairobi. Cheti cha tabia njema cha polisi ni shilingi 1,050. Kinachobaki ni masomo ya lugha, mtihani, na tiketi, na tiketi ndiyo mlima.

Ukihesabu kwa utulivu, huu ni mwaka ambao gharama yake kubwa iko kabla ya kuondoka. Akishafika, halipi kodi wala chakula, na euro 280 kwa miezi 12 ni 3,360. Si utajiri, lakini kijana mwenye nidhamu anarudi na kitu.

Iko njia nyingine ambayo naipenda hata zaidi, ila ni ngumu kupata. Ujerumani ina miaka ya kujitolea katika hospitali, shule za chekechea na nyumba za wazee. Ule wa FSJ una sheria tangu 1964, na ule wa shirikisho, BFD, ulianza Julai 2011 vijana wao walipoacha kuandikishwa jeshini kwa lazima. Mpango wao wa weltwärts ulianza 2008 ukiwaleta vijana wa Kijerumani kwetu, na tangu 2013 una mlango wa upande wa pili unaowapeleka vijana wa kwetu kule, tiketi ikiwa imelipwa. Unahitaji kupitia shirika la Kenya lenye mshirika kule. Kwa familia isiyo na kitu, mlango huo ndio wa kugongwa kwanza.

Nina hofu zangu, na sizifichi. Kuna familia zinazomgeuza au pair kuwa yaya na kijakazi. Kwa sababu hiyo tulisoma mkataba mstari kwa mstari, na mjukuu wangu alizungumza kwa video na msichana aliyekuwa na familia ile kabla yake, bila wenye nyumba kuwapo. Kuna mawakala. Mmoja hapa mjini alituomba pesa ambazo zingetosha tiketi mbili, kwa kazi ambayo hakuweza kuonyesha mkataba wake. Tulimshukuru tukaondoka. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret kwa sababu ya karo walizolipa ili watoto wao wakasome Finland kupitia mpango wa kaunti. Wengi wao walikuwa wameuza ng'ombe na vipande vya shamba. Niliwatazama kwenye televisheni nikalia, maana walifanya kila kitu ambacho ukoo wangu ulifanya Elburgon, isipokuwa daftari lilikuwa mikononi mwa watu wasiowajua.

Na kuna hofu ya kutorudi. Wengi wakimaliza mwaka wa au pair huhamia mwaka wa kujitolea, kisha mafunzo ya kazi yenye mshahara, kisha maisha. Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mkataba wa uhamiaji wa wafanyakazi, kwa hiyo njia hiyo itapanuka. Siwalaumu. Ninachokataa ni kijana kuondoka nyumbani akiwa ameshaamua kutorudi huku akituambia ni mwaka mmoja, kwa sababu hapo anakwenda bila kuona chochote, macho yake yako kwenye karatasi inayofuata. Mjukuu wangu ana nafasi yake Njoro, kilomita 20 kutoka hapa, inayomngoja. Akifika kule akaona njia bora, atupigie simu tuijadili.

Mjomba wangu wa Pune, mzee sasa, alikuja Jumapili kutusikiliza. Alikaa kimya mpaka chai ikaisha, ndipo akamgeukia.

"Sisi tulikwenda kusoma vitabu. Wewe umelelewa hivi ukalee watoto wa watu?"

"Guka," alimjibu, "yule mtoto ana miaka minne na anazungumza Kijerumani vizuri kuliko mwalimu wangu wa hapa mjini. Mimi nitamfungia viatu, yeye atanirekebisha maneno."

Mzee akanitazama. Nikamwambia kwamba mimi pia nilijifunza Kiswahili kitandani Gilgil, kwa msichana ambaye hakulipwa kunifundisha. Akauliza mkataba una saa ngapi za kazi, akauliza bima inalipa nini akiumwa jino, akauliza ni nani wa kupigiwa simu usiku wa manane. Maswali mawili tulikuwa na majibu yake. La bima ya meno hatukuwa nalo, na mjukuu wangu akaliandika.

Tiketi tumeigawanya: theluthi moja mama yake, theluthi moja mimi na mjomba, theluthi moja yeye mwenyewe, kutokana na kazi anayofanya katika duka la vifaa vya shule tangu Januari. Mtihani wa A1 ni mwezi ujao, Nairobi. Cheti kikitoka tutaomba miadi ubalozini, na tiketi tutainunua viza ikishakuwa ndani ya pasipoti, si siku moja kabla.